Injini ya SUV ya Zamani Imechoka: Ufungue Hedi, Ufanye Ovaholi au Ununue Injini ya Mtumba?

SUV yenye miaka 15 au 20 haifi ghafla. Huanza kudai oili katikati ya sevisi mbili, halafu mshale wa joto unapanda kila ikikutana na mlima, halafu asubuhi moja inawaka kwa shida na kuacha wingu nyuma yake. Ukiizungusha gereji tatu utarudi na majibu matatu. Wa kwanza atasema ni gasketi tu, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake wa chini). Wa pili atataka ashushe injini yote afanye ovaholi, yaani aijenge upya. Wa tatu ana jamaa anayeuza injini "safi kabisa, haijaguswa". Huenda hakuna anayekudanganya: kila mmoja ametaja kazi anayoiweza. Kazi ya kuchagua inabaki yako, na hapa njia hizo tatu zimewekwa kwenye mizani moja.

Mizani yenyewe

Kila njia imepimwa kwa mambo yale yale: inatibu nini na inaacha nini, inahitaji spea na kazi gani, gharama inajificha wapi, gari litalala gereji kwa muda gani, kazi huharibikia wapi, na inamfaa nani.

Kuhusu fedha, bei ya jumla peke yake inapotosha. Igawe kwa kilomita unazotarajia kupata. Chukua kwamba SUV yako ikiwa nzima ingeuzika kwa 100, kwa fedha yoyote ile. Kazi ya hedi ikigharimu 20 na kukupa kilomita 30,000, umelipa karibu 0.67 kwa kila kilomita 1,000. Ovaholi ya 60 ikikupa kilomita 150,000, umelipa 0.4 kwa kila kilomita 1,000. Ovaholi imeshinda, mradi utaendesha kilomita zote hizo. Ukiuza gari baada ya kilomita 40,000, ovaholi ile ile imekugharimu 1.5 kwa kila kilomita 1,000, na mnunuzi hatakurudishia tofauti kwa sababu haioni. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Weka zako ulizoandikiwa na mafundi.

Na usikubali bei ya mdomo. Taka karatasi yenye mistari inayojitenga: spea, kazi ya karakana ya kukereza, ufundi, oili na kulanti (maji ya kupozea injini), halafu juu yake ongeza akiba ya asilimia 20 hivi. Injini ya zamani haifunguliwi bila boliti kukatika mahali.

Pima kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na cha kuuliza ni unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi tu kwa sekunde chache kisha ukaisha, sili za valvu zimekauka na oili ilichuruzika usiku kuingia kwenye silinda. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta barabarani, shuku ringi za pistoni. Ukitoka unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mrefu mguu ukiwa juu, rudi kwenye sili za valvu na miongozo yake ("gaidi"). Kwenye dizeli yenye turbo, fungua pia mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo). Utando mwembamba wa oili ni kawaida, lakini oili ikitiririka, huenda injini haina kosa na turbo ndiyo mgonjwa.

Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti. Mweupe wa asubuhi unaonuka dizeli ni jambo jingine: plagi za kupashia moto au nozeli zinazonyunyizia mafuta. Na mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, yaani filta ya hewa, nozeli, sensa au turbo. Kwa moshi mweusi peke yake usimruhusu mtu afungue hedi.

Kisha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kujenga. Betri iwe imejaa, plagi zote ziwe nje, mlango wa hewa uwe wazi, injini iwe na joto. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya bar 10 na 14. Dizeli za zamani zenye chemba ya awali huwa kwenye bar 25 hadi 35 hivi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, ila tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko tarakimu yenyewe. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna jambo. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Zote zikiwa chini kwa kulingana, injini imechakaa. Au taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni) imeruka, kwa hiyo hakikisha alama zake kwanza.

Kwenye silinda iliyo chini, mimina kijiko cha chai cha oili kisha pima tena. Presha ikipanda sana, ringi zinavujisha na oili imeziziba kwa muda. Isipopanda, tatizo liko juu: valvu au gasketi. Kwenye dizeli weka matone tu, kwa sababu chumba cha mwako ni kidogo na oili nyingi hupandisha kipimo kwa uongo.

Kama gari linachemsha na kulanti inapungua bila kuonekana inapovuja, kuna dawa ya maji ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikiwemo, maji hugeuka kijani au manjano. Ni kipimo cha dakika 10, na cha bei ndogo kuliko kitu chochote kitakachofuata.

Oili ikigeuka rangi ya kahawa yenye maziwa, wengi hukimbilia gasketi. Subiri. Injini nyingi za SUV zina kipoza oili kinachopitisha kulanti na oili bega kwa bega, na kikitoboka ndani oili na kulanti huchanganyika wakati hedi haina hatia. Utando wa maziwa chini ya kifuniko pekee, huku kijiti cha kupimia oili kikiwa safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi fupi.

Mwisho ni mlio. "Ti-ti-ti" nyepesi ya juu ni tapeti au nozeli. "Gu-gu-gu" nzito kutoka chini, inayozidi unapoongeza mzunguko, ni beringi za konirodi, mikono inayounganisha pistoni na krankishafti (shafti kuu inayozunguka chini ya injini). Chomoa waya wa nozeli moja au koili ya plagi moja, injini ikiwa inanguruma polepole, kisha ufuate inayofuata. Silinda ambayo ukiizima mlio unafifia ndiyo yenye beringi iliyolegea. Ukishasikia hivyo zima gari, livutwe. Kilomita 20 za "nifike nyumbani kwanza" zinatosha kugeuza beringi mbili kuwa krankishafti iliyoharibika na konirodi iliyotoboa bloku. Pima na presha ya oili kwa geji ya mkono injini ikiwa moto. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikiwa chini sana ya hapo, chini kumechakaa au pampu ya oili imechoka.

Njia ya kwanza: kufungua hedi tu

*Inatibu nini.* Gasketi iliyoungua, hedi iliyopinda au yenye ufa, valvu zilizoungua, sili za valvu. Haigusi ringi, wala silinda, wala beringi za chini. Kama injini ilikuwa ikila oili kwa sababu ya ringi, itaendelea kuila.

*Spea na kazi.* Seti ya gasketi za juu, boliti mpya za hedi kama ni zile zinazovutika (hazirudiwi, hata zikionekana nzuri), sili za valvu, oili, filta na kulanti. Hedi inaoshwa, inapimwa kwa presha ikiwa imezamishwa kwenye maji ya moto ili ufa ujionyeshe kwa mapovu, halafu inakaguliwa unyoofu.

Kipimo hiki cha unyoofu usikubali kusimuliwa, kitazame kikifanywa. Rula ya chuma iliyonyooka inalazwa juu ya uso wa hedi kwa mistari sita: miwili ya urefu, miwili ya upana, miwili ya pembe kwa pembe. Kila mara fundi anajaribu kupenyeza fila geji (majani membamba ya kupimia pengo) chini yake. Jani la 0.05 mm likipita, ni onyo, la 0.10 mm likipita, hedi nyingi za alumini zimevuka kikomo. Unywele wa mtu una unene wa kati ya hapo. Kwa jicho huwezi kuona chochote, ndiyo maana fundi anayeipangusa kwa msasa na kusema "iko sawa" anakupa kazi itakayorudi. Kisha rula hiyo hiyo ilazwe juu ya bloku, jambo ambalo wengi hulisahau.

Hedi ikikwanguliwa, valvu zinasogea karibu na pistoni. Kwenye dizeli fundi anapaswa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, kisha achague gasketi ya unene unaolingana. Dizeli nyingi zina gasketi za unene tofauti, zilizowekewa alama za matundu au mikato pembeni.

*Gharama inapojificha.* Gasketi yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Unacholipia ni saa za kuifikia. Kwa hiyo kila kilichotolewa njiani na kinachokaribia mwisho wake kirudi kikiwa kipya: taimingi belti na tenshona yake, pampu ya maji, thamostati, hozi. Ukiviacha, utalipa ufundi ule ule mara ya pili. Jihadhari pia na studi za manifoldi ya moshi na plagi za kupashia moto. Zimekaa miaka 20 kwenye joto, zinakatika ndani, na kuzitoboa ni kazi ya kulipiwa peke yake. Hedi ikikutwa na ufa, hesabu yote inabadilika, kwa hiyo kubalianeni mapema: ufa ukionekana, kazi isimame mpaka uamue.

*Muda.* Kwa kawaida siku 3 hadi 7, na sehemu kubwa ni foleni ya karakana ya kukereza.

*Inapoharibikia.* Karibu kila mara ni kwa sababu chanzo kiliachwa. Gasketi haikuungua kwa uzee tu. Rejeta ilikuwa imeziba nusu, au klachi ya feni ilikuwa inateleza, au kifuniko cha rejeta hakishiki presha, na alumini ya hedi ikatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku mpaka gasketi ikasagika katikati. Kufunga hedi mpya juu ya rejeta ile ile ni kuandaa safari ya pili. Chanzo kingine ni kukaza boliti kwa nguvu za mkono: zinakazwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, na mara nyingi kwa digrii kadhaa za mzunguko baada ya toki. Matundu ya boliti yawe makavu. Oili iliyobaki chini ya boliti inaweza kupasua bloku.

*Inamfaa nani.* Mwenye injini ambayo kompresheni ya chini ni nzuri, presha ya oili ni nzuri, na aliyezima gari mapema lilipochemsha.

Njia ya pili: ovaholi kamili

*Inatibu nini.* Karibu kila kitu, ikifanywa kweli. Neno "ovaholi" linatumika kwa kazi mbili zisizofanana: kuna kubadili ringi na beringi injini ikiwa bado ndani ya gari, na kuna kuishusha, kuivua mpaka bloku tupu, kuipima na kuikereza. Bei zake hazikaribiani. Muulize fundi anamaanisha ipi kabla hajataja bei.

*Spea na kazi.* Kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari: pistoni 4 na pini zake, seti 4 za ringi, beringi za krankishafti (kwa kawaida sehemu 5 za kuegemea), jozi 4 za beringi za konirodi, washa za kuzuia krankishafti isicheze mbele na nyuma, seti nzima ya gasketi na sili, boliti, pampu ya oili, taimingi yote, pampu ya maji, vifuniko vya matundu ya bloku, pamoja na kazi yote ya hedi iliyoelezwa juu. Silinda zinapimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, ili kujua zimepanuka na kuwa yai kiasi gani. Zikivuka kikomo zinaboliwa (zinapanuliwa kwa mashine) kufuata pistoni za ovasaizi, zinazouzwa kwa hatua za 0.25 au 0.50 mm kwenda juu. Pistoni zinunuliwe kwanza, bloku ibolewe kwa kipimo cha pistoni zilizo mezani. Krankishafti inasagwa kwa mtindo huo huo, kwa beringi nene zaidi. Bloku isiyoweza kubolewa tena huwekewa slivu, yaani ukuta mpya wa silinda.

*Gharama inapojificha.* Kwenye vilivyo nje ya injini. Kama beringi ilisagika, vumbi la chuma limesambaa mpaka ndani ya kipoza oili, na vijia vyake vyembamba havisafishiki kwa uhakika. Kipoza hicho kitupwe, na turbo ikaguliwe, kwani oili ile ile iliipitia. Dizeli ikifunguliwa, nozeli nazo zipimwe: nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza inaweza kutoboa pistoni mpya. Mistari hii huwa haimo kwenye bei ya kwanza.

*Muda.* Wiki 2 hadi 4. Fundi anayeahidi siku 3 hana muda wa kupima.

*Inapoharibikia.* Usafi, kuliko kitu kingine chochote. Baada ya kubolewa, bloku ina unga wa mawe ya kusugulia ndani ya vijia vya oili. Vizibo vya vijia vitolewe, brashi ndefu ipite, maji ya moto yenye sabuni, upepo wa kompresa, kisha kitambaa cheupe kipite kwenye silinda kikitoka cheupe. Vifuniko vya konirodi visichanganywe, kila kimoja na mwenzake na kwa upande wake. Mapengo ya ringi yasimame pande tofauti. Kabla ya kuwasha, mafuta yakatwe na injini izungushwe kwa stata mpaka taa ya oili izime, vinginevyo beringi mpya zinaanza maisha zikiwa kavu.

Kilomita 1,000 za mwanzo nazo ni sehemu ya kazi. Usiliache gari likinguruma saa nzima mahali pamoja "lizoee", maana ringi hukaa vizuri kwa mzigo unaopanda na kushuka, huku kunguruma bure kunazing'arisha kuta za silinda mpaka zisishike oili. Badilisha mwendo, usivute trela, mwaga oili ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000. Boliti za hedi zikazwe upya pale tu ambapo kitabu cha injini kinaagiza hivyo.

*Inamfaa nani.* Anayekusudia kubaki na gari miaka mingi, mwenye giaboksi, chasi na bodi vinavyostahili injini hiyo, na aliye karibu na karakana yenye vipimo. Bila karakana hiyo, njia hii inakuwa ya bahati nasibu.

Njia ya tatu: injini ya mtumba

*Inatibu nini.* Inaondoa ugonjwa unaoujua na kuleta historia usiyoijua. Wakati mwingine ni biashara nzuri sana, hasa pale injini yako imetoboka bloku na hakuna cha kuokoa.

*Spea na kazi.* Injini, lakini ipi? Msimbo uliopigwa kwenye bloku ulingane mpaka herufi ya mwisho. 1KZ-T ina pampu ya dizeli ya mekanika na 1KZ-TE ina pampu inayoongozwa na kompyuta, kwa hiyo herufi moja inaweza kukuletea pampu, wayaringi na kontroli boksi visivyozungumza. Tazama na sampu (karai la oili chini ya injini): gari la 4x4 lenye difu ya mbele mara nyingi lina sampu ya umbo lake, na injini ya msimbo ule ule kutoka gari la magurudumu mawili haitakaa. Sampu, manifoldi na mabano ya injini yako ya zamani usiyauze mpaka mpya iwake.

Ukaguzi kabla ya kulipa unachukua nusu saa. Fungua kifuniko cha oili: ugandamano mweusi kama lami ni alama ya oili iliyopitilizwa muda. Toa kifuniko cha thamostati, uone kama ndani ni safi au kumejaa kutu. Toa plagi au nozeli, zungusha puli ya krankishafti kwa spana mzunguko mzima mara mbili, na mkono wako utakuambia kama kuna sehemu inayokwama. Kama unaweza kupata kamera ndogo ya waya, iingize kwenye kila silinda: kuta zenye mistari ya wima au alama za kutu ni sababu ya kuondoka. Legeza nati ya sampu, pitisha tone la mwisho la oili kwenye karatasi nyeupe chini ya mwanga, utafute vumbi linalometa. Injini iliyooshwa ikang'aa na kupuliziwa rangi ya fedha haijathibitisha lolote isipokuwa kwamba muuzaji ana rangi.

*Gharama inapojificha.* Kwenye vitu ambavyo ni rahisi injini ikiwa chini na ni taabu ikishapanda. Sili ya nyuma ya krankishafti, bei yake ni ndogo, lakini ikivuja baadaye giaboksi nzima inashuka. Taimingi belti, pampu ya maji, thamostati, mauntingi, na klachi kama gari ni la manyuali, vibadilishwe kabla ya kupandisha. Rejeta ioshwe, intakula imwagwe oili ya zamani. Katika nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo hesabu gharama ya kuibadilisha kisheria na udai risiti yenye namba hiyo.

Dhamana isome kwa makini. "Dhamana ya kuwaka" inaisha siku injini inapowaka. Dhamana yenye manufaa inataja siku au kilomita, na inasema nani analipia ufundi wa kuishusha tena. Mara nyingi ufundi huo ni wako.

*Muda.* Siku 2 hadi 5 kama injini imekuja kamili na inalingana. Kama hailingani, muda hauna mwisho.

*Inapoharibikia.* Kufunga injini juu ya mfumo wa kupoza ulioua ya kwanza. Ni kosa lile lile la njia ya kwanza, kwa bei kubwa zaidi.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la kazi lisiloweza kulala mwezi, na mwenye injini ya aina iliyouzwa kwa wingi kiasi cha kuwa na za kuchagua.

Na kuliacha lilivyo?

Inawezekana, kwa masharti. Watengenezaji wengi huichukulia karibu lita 1 ya oili kwa kilomita 1,000 kuwa ndiyo kikomo. Kama yako inakula chini ya hapo, kompresheni inalingana na hakuna mlio, chupa ya oili ndani ya buti na kijiti kinachotazamwa kila unapojaza mafuta vinaweza kukuvusha mwaka. Kwa petroli, ujue oili inayoungua inaharibu polepole kibadilishi cha moshi (catalytic converter). Lakini kuchemsha, "gu-gu-gu" na kulanti iliyoingia kwenye oili havisubiri hata wiki.

Injini nne, hesabu nne

Jibu linageuka kwa kutazama ipo injini gani chini ya boneti.

1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2 isiyo na turbo, ni mfano wa injini inayostahili ovaholi: ni rahisi kwa muundo, na ikitengenezwa vizuri inaenda mbali. Belti yake ya taimingi ni ya kilomita 100,000. Walioifungia turbo baadaye wakague nyufa za hedi kwenye chemba za awali kabla ya kulipia lolote.

1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, lita 3.0, inajulikana kwa hedi ya alumini inayopasuka ikichemshwa. Mara nyingi sehemu ya chini bado ni nzima, kwa hiyo hedi mpya tupu na rejeta mpya ni jibu la haki kuliko kutafuta injini ya mtumba yenye hedi ya umri ule ule.

2AZ-FE ya RAV4 na Highlander, petroli ya lita 2.4, ina mambo mawili. Za miaka ya 2006 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili, na dawa yake ni pistoni na ringi za muundo uliorekebishwa, si sili za valvu. Na uzi wa boliti za hedi kwenye bloku ya alumini huweza kung'oka. Ukifunga gasketi bila kuweka viingizo vya chuma vyenye uzi mpya kwenye matundu hayo, boliti hazitashika.

EJ25 ya Forester ina hedi mbili zilizolala ubavuni, na mafundi wengi huishusha injini ili kubadili gasketi. Hapa pengo la ufundi kati ya njia ya kwanza na nyingine linapungua sana. Injini ikishakuwa mezani, kupima beringi na ringi hakuongezi kazi kubwa.

Uko wapi wewe?

Lilichemsha mara moja, ulizima papo hapo, kompresheni imeshuka kwenye silinda mbili zinazopakana na presha ya oili ni nzuri: fungua hedi, na fedha uliyookoa iende kwenye rejeta.

Silinda zote ziko chini, oili inakwisha, lakini gari halina kutu, giaboksi ni nzuri na unalihitaji kwa miaka mitano ijayo: ovaholi, kwa fundi anayekukabidhi vipimo vilivyoandikwa pamoja na beringi za zamani ndani ya mfuko.

Konirodi imetoboa bloku, au krankishafti imeshasagwa mpaka mwisho: injini ya mtumba, baada ya nusu saa ya ukaguzi. Kama injini zote za mtumba unazopata zimechoka, uliza bloku iliyokwisha kukusanywa upya pamoja na pistoni, kisha uvalishe hedi yako iliyopimwa.

Gari unaliuza ndani ya mwaka: usifanye ovaholi. Tengeneza kinachozuia lisiendeshwe, mweleze mnunuzi hali halisi, upunguze bei.

Giaboksi nayo inateleza na chasi imeoza: kabla ya kufungua boliti moja, jumlisha matengenezo yote matatu kwenye karatasi moja, uweke kando yake bei ya gari kama hilo likiwa zima.

Na kama bado hujapima kompresheni, hujafika kwenye kuchagua. Anza na geji.